Jikoni kwa Shangazi: Kopo Limerudi Limejaa

Shule zimefunguliwa, na barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: chakula kinaondoka nyumbani, kinarudi nyumbani. Nimechagua nne. Ya mwisho imeandikwa na mtoto mwenyewe.

Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Namfungia wali na maharage, au ugali na samaki, kwenye kontena kubwa ili ashibe. Linarudi limejaa, na jioni wali huohuo anaula mpaka anaomba ukoko. Jirani kanionyesha kwenye simu makopo ya Kijapani, wali una masikio ya paka, karoti ni maua. Nimejaribu siku mbili, nikaamka saa tisa usiku na kazini nikachelewa. Paka wangu alifanana na panya. Nifanyeje?
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kwanza kalale.

Kuanzia 1994 nilipika miaka minne kwa familia moja ya Kijapani pale Oysterbay. Mama mwenye nyumba alinikabidhi jiko lote isipokuwa kazi moja: kufunga chakula cha shule cha watoto wake, bento. Hiyo aliamka kuifanya mwenyewe, na mimi sikuruhusiwa kuigusa mpaka mwaka wa pili. Sasa nikuambie, katika miaka yote minne paka wa wali nilimwona mara mbili, siku ya kuzaliwa ya mdogo na siku ya matembezi ya shule. Siku nyingine zote ilikuwa wali, kipande cha samaki au yai la kukunja, mboga mbili, basi. Hao paka wa kwenye simu ni vazi la sikukuu, nawe unataka kumvisha mtoto kila Jumatatu.

Ambacho hakikubadilika hata siku moja ni kipimo. Kopo la yule mdogo, wa chekechea, lilichukua kama mililita 300, yaani bilauri moja na kidogo. Nusu ya kopo wali. Nusu iliyobaki aliigawa mara tatu: fungu moja samaki, nyama au yai, mafungu mawili mboga. Likajaa hadi mfunikoni, maana chakula kikipata nafasi kinatembea njiani na kufika kimevurugika. Nenda kapime kontena lako kwa maji. Kama linaingia lita, mwanao akilifungua anaona mlima, na mtoto wa miaka sita hapandi mlima wakati wenzake wanacheza mpira. Kwa umri wake mililita 400 au 500 zinamtosha. Akirudi analia njaa, ongeza.

Siku niliporuhusiwa kufunga, yule mama aliniweka kwenye ngazi ya nyuma na kopo nililolifunga mwenyewe. Akaniambia nile kwa mkono mmoja, huku ameshika saa. Dakika kumi. Nilikuwa nimeweka kipande cha samaki changu na miiba yake, nikaishia kutafuna huku natema kama paka wa feri. Hakusema neno. Akachukua kibanio, akakaa kuchambua samaki wa kesho.

Nawe fanya hivyo Jumamosi. Mfungie mwanao chakula kilekile, kikae mpaka saa nne, kisha mketishe barazani, mikono ina maji maji kama ametoka kunawa, ale bila msaada wako. Utayaona mwenyewe: mfuniko hafungui mpaka aombe mwalimu, maharage yamelowesha wali, wali umeshikana kama tofali, kijiko kimebaki kwenye begi la jana. Jioni wali huo una moto, una sahani, na wewe uko karibu. Mapumziko yana foleni ya bomba na kengele.

Kwa hiyo maharage usiyaache, yabadilishe umbo. Yachemshe mpaka yaive sana, chuja mchuzi wote, yaponde na kitunguu kilichokaangwa, karoti ya kukuna na chumvi kidogo. Viringisha katlesi ndogo, upana wa kifuniko cha soda, pitisha kwenye yai, kaanga. Mtoto anameza moja kwa kuuma mara mbili. Wali nao ufanye tonge. Mchele wetu wa Kyela ni wa kuchambuka, haushikani kama wa Kijapani, basi ongeza maji kidogo uive laini, na uufinyange ungali na moto wa kuvumilika, viganja vimeloweshwa maji ya chumvi. Katikati ficha samaki wa kuchambua aliyekamuliwa ndimu. Ugali uache kwa chakula cha jioni. Ukipoa ni adhabu.

Na kama roho bado inataka maua, ua ni hili moja tu ninalolifanya: karoti iliyomenywa, ichonge mifereji mitano kwa urefu wake, kisha kata duara duara. Kila duara ni ua. Dakika mbili. Ichemshe kidogo ilainike.

Kopo likirudi, usiulize "mbona hujala?" Lifungue peke yako uangalie. Kilichoisha, kilichoumwa mara moja, kilichosukumwa pembeni. Kilichoumwa mara moja usikitoe kwenye orodha, kirudishe wiki ijayo, kipande kidogo sana, bila maneno. Mboga mgeni huenda akahitaji kubisha hodi mara kumi au zaidi kabla hajafunguliwa.

Shangazi, mke wangu ni muuguzi, wiki mbili kwa mwezi yuko zamu ya usiku. Watoto watatu, gari la shule linapita saa 12 kamili. Nina jiko la gesi la mafiga mawili na dakika ishirini. Nimekuwa nawapa biskuti na juisi ya pakiti, na najua unanihukumu.
*Baba Watatu, Arusha*

Sikuhukumu, baba. Baba anayewaza kopo la shule saa kumi na moja alfajiri namwekea kiti. Lakini juisi ya pakiti iache. Sukari tupu, saa tano darasani wanasinzia.

Waganda wana kitu wanakiita rolex: mayai na mboga vimekunjwa ndani ya chapati. Wewe nunua au pika chapati Jumapili, zitie kwenye friji. Jioni katakata hoho, kitunguu, kabichi nyembamba kama uzi, weka kwenye bakuli lenye mfuniko. Nyanya usitie, inatoa maji. Asubuhi piga mayai matatu, changanya na mboga, mimina kwenye kikaango kipana, na kabla yai halijashika juu, laza chapati juu yake, ubonyeze. Ndiyo siri, yai linaganda na chapati. Geuza, acha mpaka yai liive kabisa, kunja kama mkeka. Chapati ya pili vilevile. Wakati zinapoa unawavalisha viatu. Ukija kukata, kata upana wa vidole viwili na usimamishe vipande ndani ya kopo, mzunguko unatazama juu. Wataona njano, kijani, kahawia, na watadhani umehangaika.

Figa la pili lisikae bure: chemsha viazi vitamu vya kesho. Vimenye vikipoa, kata vipande vya kushika. Pembeni weka chungwa lililomenywa na kuachanishwa, maana zima na ganda lake litarudi zima. Karanga ni nzuri kwa wakubwa, lakini kama mdogo hajafika miaka mitano, usimpe nzima, zinakaba. Zisage umpakie kwenye mkate, ukiwa umeuliza kwanza shuleni kama hakuna mtoto anayedhurika na karanga.

Mwanangu, mimi nalea wajukuu wawili. Wali nikipika usiku nafunga asubuhi, ukifika saa nne umechacha. Nimeambiwa nifunge ungali wa moto sana ndio hauharibiki. Kweli?
*Bibi wa Chuda, Tanga*

Shikamoo, bibi. Umenirudisha nyumbani, maana nami ni wa Tanga, na kosa hilo nimelifanya.

Mwaka 1987 nilimfungia mwanangu wa kwanza wali wa nazi uliolala juu ya jiko. Asubuhi niliupasha vuguvugu tu, nikatia kwenye kopo la plastiki ungali unatoa mvuke, nikabana mfuniko. Mvuke ukageuka maji, maji yakarudi kwenye wali, na kopo likabaki na joto la kwapani hadi saa nne. Alirudi amebebwa, ametapika sare yote. Sikumlaumu mtu ila sufuria yangu.

Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Ukiulaza nje, mbegu zinaamka, zinatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe uungue. Kwa hiyo kazi ni ya usiku: ukishakula, wali wa kesho utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha friji, usikae nje zaidi ya muda wa saa moja. Asubuhi upashe mpaka utoe mvuke kila upande, utandaze tena, upepee kwa kipepeo, na mfuniko ufunge chakula kikiwa kimepoa. Ile hotipoti nzuri inayoshika moto kweli ni habari nyingine. Hiyo isuuze kwa maji yanayochemka, tia chakula cha moto sana, na kiliwe kingali moto. Lakini vuguvugu ndani ya plastiki, hapana.

Kama huna friji, bibi, wali wa nazi usiulaze kabisa. Asubuhi wafungie mihogo ya kuchemsha iliyopoa, au vitumbua vikavu, na yai lililochemshwa alfajiri hiyohiyo likakaza kiini, lisimenywe. Kumenya yai shuleni ni mchezo, wanagonganisha. Na ukipata mtu wa kukugandishia chupa ndogo ya maji, ilaze ubavuni mwa kopo. Saa nne itakuwa imeyeyuka, wanakunywa.

Shangazi, mama ananiwekea tikiti maji na mkate. Mkate unalowa kila siku. Nampa rafiki yangu naye hataki. Mwambie lakini usiseme ni mimi.
*Mwanafunzi wa darasa la tatu, Morogoro*

Mama yeyote wa Morogoro anayesoma hapa na kufunga tikiti maji: tikiti likate vipande vya kuuma mara moja, toa mbegu, lichuje dakika tano kwenye chujio, kisha likae kwenye kikopo chake chenye mfuniko wa kukaza. Mkate upake siagi hadi pembezoni, unyevu hauingii haraka.

Nawe mjukuu wangu, rafiki yako mpe kipande kimoja cha tikiti.