Huna timu na unataka kushindana baiskeli? Soma hii kwanza

Vijana wengi wa Mwanza, Shinyanga, Arusha, hata wa upande wa Nakuru na Eldoret, swali lao huwa ni moja: kaka mi sina klabu, sina mdhamini, baiskeli ninayo na mazoezi nafanya, je nikiingia mashindano nitafanya kitu cha maana au nitakuwa msindikizaji tu? Jibu langu ni kwamba unaweza, na nasema hivo nikimaanisha, ila ujue mapema kwamba hushindani kwa mtindo wa wenye timu. Wao wana miguu ya watu watano sita wanaosaidiana, we una miwili yako. Kwa hiyo siku ile kazi yako ni kuilinda hiyo miwili mpaka zifike zile dakika chache zinazoamua mshindi.

Adui wa kwanza ni upepo. Kwenye tambarare ukiwa unaenda 30 kwa saa, nguvu yako nyingi inaishia kusukuma hewa, na ukiongeza spidi kidogo tu hewa inakudai kingi zaidi, yaani kutoka 30 kwenda 36 nguvu ya kupambana na upepo peke yake inapanda karibu mara 1.7. Ukikaa nyuma ya tairi la mwenzio, karibu kabisa, unaokoa kama theluthi ya nguvu zako na ndani ya kundi kubwa unaokoa zaidi. Sasa mgeni anaona spidi imepungua mbele, miguu bado mipya, watu wanashangilia pembeni ya barabara, anaenda mbele kuvuta kundi zima, yaani anawakatia wote upepo, kilomita kumi na kitu. Hakuna anayemkataza. Wale wa timu wanakaa nyuma yake wanakunywa maji taratibu, afu zikibaki kilomita ishirini wanaanza mashambulizi na yeye ameshazima.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ninayompa kila mtu asiye na timu ni usifukuze. Mtu akichomoka mbele ya kundi, kabla hujasimama kwenye pedeli jiulize nani ana hasara zaidi yangu huyu akienda. Kama klabu kubwa haina mtu pale mbele basi hiyo ni shida yao, watapanga watu wao wafukuze, we kaa nyuma yao upelekwe bure. Itakuuma kuona gepu linafika dakika moja afu umetulia tu, najua, lakini vumilia, na mara nyingine gepu halitarudi na mashindano yatakuwa yameishia pale, nalo ulikubali. Kuna watu watakwambia huo ni uoga. Mi naona ni hesabu, sababu ukifukuza peke yako unakuwa mfanyakazi wa timu ambayo haikulipi.

Kitu unachotakiwa kujifunza kusoma ni nani yuko ndani ya kundi linalochomoka. Kabla ya siku yenyewe tafuta orodha ya washiriki, angalia klabu zipi zimeleta watu wengi, kariri rangi za jezi zao tatu au nne tu zinatosha. Barabarani sasa ukiona wamechomoka watu watano na kila jezi kubwa ina mtu mle ndani, hapo ndo sehemu ya kutumia nguvu zako zote uwafikie, hata ikibidi uumie dakika tatu bila kupumua vizuri, sababu nyuma hakuna atakayefukuza, kila timu itasema sisi tuna mtu mbele. Ila ukiona wamechomoka watatu na jezi kubwa mbili hazimo, acha waende, watarudishwa.

Na ukishaingia kwenye kundi la mbele fanya zamu yako ya kuvuta. Zamu fupi, ya haki, usiongeze spidi ukipita mbele, toa mkono au kiwiko mwenzio apite afu rudi nyuma. Wapo wanaofundisha kwamba mtu wa peke yake asivute kabisa, akae nyuma tu, mi sikubaliani nao hata kidogo. Wenzio wakigundua wataanza kukushambulia mmojammoja mpaka uachwe, na zaidi ya hapo mchezo wetu huku ni mdogo, wikiendi ijayo ni sura zilezile, na mtu asiye na timu anaishi kwa jina lake.

Kama unataka ushahidi kwamba mtu peke yake anaweza, angalia Olimpiki ya Tokyo, tarehe 25 Julai 2021, mbio za barabarani za wanawake, kilomita 137. Anna Kiesenhofer wa Austria alikuwa ndo mwakilishi pekee wa nchi yake kwenye mbio zile, hakuwa na mkataba na timu ya kulipwa, kazi yake ni hisabati, ana shahada ya udaktari, na mipango ya mazoezi alikuwa anajipangia mwenyewe. Alichomoka pale pale mwanzoni akaambatana na wenzake wanne, wawili kati yao dada zetu wa Afrika, Carla Oberholzer wa Afrika Kusini na Vera Looser wa Namibia. Ilipobaki kama kilomita 41 akawaacha wa mwisho waliokuwa naye na akaenda peke yake mpaka mwisho. Nyuma nchi zenye majina zilikuwa zinaangaliana, na kwa kuwa kwenye Olimpiki hawaruhusiwi redio za masikioni, Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alivuka mstari akainua mikono akijua kashinda dhahabu, kumbe mwenye dhahabu alishafika zaidi ya dakika moja kabla. Ushindi ule ulitokana na mtu kuelewa kwamba wakubwa hawatamchukulia serious mtu asiye na jina, na akaitumia hiyo nafasi mapema kabla hawajashtuka. Mwaka 2025 Kigali, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya kwanza kabisa kufanyika Afrika, Magdeleine Vallières wa Kanada naye alichukua ubingwa wa wanawake hivohivo, wenye majina nyuma wanatazamana na kundi dogo limeshaenda. Yeye alikuwa na wenzake wa Kanada, ila somo la kuangaliana ni lilelile.

Upepo wa pembeni naupa aya yake sababu barabara zetu nyingi za kanda ya ziwa ziko wazi, hakuna miti, hakuna majengo, na hapo ndo watu wa peke yao wanamalizwa bila hata mlima. Upepo ukitoka kushoto, kivuli chake, yaani sehemu usipopigwa, kiko nyuma kulia kwa mwenzio. Timu inajipanga mshazari kutoka kushoto ya barabara kwenda kulia, watu saba au nane hivi mpaka lami inaisha, na wa tisa anakosa nafasi anabaki kwenye ukingo wa lami anasugua changarawe, anapigwa upepo mzima na wote walio nyuma yake wako kwenye mstari huohuo wanateseka. Ukijikuta uko pale usigombane na ukingo, geuka uite walio nyuma yako muanzishe mshazari wenu wa pili, mnapokezana, mnaweza kukaa hata mita hamsini nyuma yao bila kuachwa. Dawa nzuri zaidi ni kuwa kwenye kumi wa kwanza kabla barabara haijapinda. Usiku wa kuamkia mashindano fungua ramani kwenye simu, angalia kona kubwa ziko wapi, asubuhi uliza upepo unavuma kutoka wapi, na kilomita mbili kabla ya kona hiyo anza kusogea mbele.

Sasa pancha. Mwenye timu anapewa tairi zima anaendelea, we huna gari, kwa hiyo beba tyubu mbili, vijiti vya kutolea tairi, pampu ndogo na kipande cha tairi la zamani kama vidole viwili kwa ajili ya mpasuko. Tyubu izungushie kipande cha nailoni isisuguliwe ikatoboka mfukoni. Zoezi lenyewe lifanye nyumbani mpaka mikono ijue: kama ni tairi la nyuma shusha kwanza cheni kwenye gia ndogo kabisa ndo utoe tairi, toa upande mmoja tu wa mpira wa nje, vuta tyubu, afu pitisha vidole taratibu ndani ya mpira kuzunguka kote kutafuta mwiba, hapa usiharakishe, mwiba wa mgunga ukiubakiza utatoboa na tyubu ya pili baada ya mita mia. Tyubu mpya ipulize kidogo ishike umbo ndo uiingize, anzia kwenye valvu, malizia upande wa pili kwa viganja, usitumie chuma hapo mwisho utaibana utaitoboa. Mtu aliyezoea anatumia dakika nne hivi. Na soma sheria za msaada wa nje kabla, kuna mashindano ukipokea tairi kwa mtu asiye ofisa unatolewa.

Chakula nacho usiachie bahati. Mbio zikizidi saa moja na nusu lenga gramu kama 60 za wanga kila saa, ndizi moja ya kawaida ina kama 25, soda ya nusu lita ina karibu 50 za sukari, kwa hiyo ndizi moja na kama robo tatu ya soda hiyo iliyotolewa gesi, ukachanganya na maji na chumvi kidogo, saa moja imekaa. Anza kula dakika ya 30 hata kama husikii njaa. Kashata za karanga ni tamu ila mafuta yake yanachelewa tumboni, zile baada ya kufika. Maji ndo shida kubwa kwa asiye na timu, kwa hiyo tafuta mtu mmoja, mdogo wako, rafiki, hata bodaboda unayemwamini, na mweke kilimani sehemu inayoruhusiwa, maana kilimani spidi ni ndogo. Mwambie ashike chupa kwa juu na vidole vitatu, akimbie hatua chache ukielekea kwake, aiachie ukishaishika. Fanyeni mazoezi jana yake, chupa nyingi zinaanguka sababu mtu kaing'ang'ania.

Kukaa kwenye kundi huwezi kujifunza peke yako barabarani. Tafuta klabu yoyote inayotoka Jumapili asubuhi uombe kutoka nao, wengi hawakatai mtu anayeshika mstari wake bila kuyumba. Kitu kimoja nakuomba kama kaka yako, usifanye mazoezi ya spidi nyuma ya fuso au basi. Dereva hakuoni, na breki zake hutazijua mpaka umeshagonga. Dada zangu pia, kwa kuwa mara nyingi mnaanzishwa pamoja na wanaume, uliza kwenye kikao cha asubuhi kama mnaruhusiwa kukaa nyuma yao, kila waandaaji wana yao.

Mwisho wa mbio, usiingie katikati ya treni ya timu, yaani mstari wa wenzao wanaovutana kuelekea mwisho, watakusukuma na wana haki. Tafuta tairi la yule wa nyuma kabisa wanayempeleka akamalizie mbio kwa spidi, ukae nyuma yake. Upepo ukiwa wa mbele subiri mpaka zibaki mita 150 hivi, ukiwa wa nyuma unaweza kuanza 250.

Ukifanya vizuri mara mbili tatu klabu zitakufuata, na hapo usiseme ndio kwa furaha tu. Uliza zawadi inagawanywaje, nauli na malazi nani analipa, na siku ya mashindano watakutaka umvutie nani. Kama jibu la swali la tatu ni mtu ambaye umekuwa ukimwacha kila kilima, endelea peke yako msimu mmoja zaidi.