Pundamilia wa Handa na Hiace ya Wajapani

Jumamosi saa nne asubuhi, barazani kwangu hapa Mwanza huwa pana mkeka, jagi la maji na watoto kama saba hivi, wakati mwingine kumi na wawili, inategemea mama zao wamewatuma wapi. Si shule. Tunasoma vitabu vya picha, vingi vya mtumba, nimevinunua kwa wale wanaopanga vitabu chini njiani. Nilitaka watoto wajue kwamba dunia haiishii Nyakato.

Nilianza vibaya, nilianza na Japani. Kitabu kizuri, karatasi nzito ya kung'aa, kila ukurasa mtu na kimono chake, maua ya mcheri, mlima wenye theluji kileleni. Nikasoma, nikatafsiri, nikajiona mwalimu haswa. Nilipokifunga, mtoto wa darasa la pili akauliza, "Sasa Hiace anatengeneza nani? Na yeye amevaa hivyohivyo?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikakosa la kusema. Baba yake mdogo ni konda, anajua vizuri magari yale yanatoka wapi. Kitabu kilikuwa kimemwambia kwamba Wajapani wako sherehekeni mwaka mzima, nami nikagonga muhuri.

Kwa hiyo ushauri wangu, na kama una haraka chukua huu uende nao: usianze na watu wa mbali. Anza na kitabu ambacho watu wa mbali wametuchora sisi.

Mimi nilitumia *Handa's Surprise*, cha Mwingereza Eileen Browne, kilichotoka 1994. Handa ni binti wa Kijaluo wa Kenya, anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba tofauti kwenye kikapu kichwani. Njiani wanyama wanamwibia tunda mojamoja kwa nyuma bila yeye kujua: tumbili, mbuni, pundamilia, tembo, twiga, swala, kasuku. Kikapu kinabaki kitupu, mpaka mbuzi anakata kamba, anaparamia mchenza na machenza yanamwagika humo. Watoto walilipuka walipomwona yule mbuzi. Ni kitabu chenye mapenzi, na nawaambia wazi kwamba nakipenda.

Tukarudi ukurasa wa kwanza, safari hii taratibu. Mapera, sawa. Pasheni, sawa. Binti mmoja ambaye bibi yake yuko Rorya, kwa Wajaluo wa upande wetu, akaweka kidole kwenye pundamilia. "Kwa bibi kuna punda tu. Na ng'ombe." Mwingine akataka kujua tembo akishachukua embe, watu wa kijiji wako wapi, mbona hawapigi makelele? Kwao tembo akionekana ni mbio na madebe. Kijana mkubwa kidogo akahitimisha, "Mchoraji aliwataka wanyama, akawaleta."

Hapo nikajua tumefika. Mtoto akishamshika mchoraji kwenye jambo analolijua yeye mwenyewe, atamuuliza maswali hata kwenye jambo asilolijua.

Wiki iliyofuata nikakitoa tena kile cha Japani. Sikusoma maneno, niliyafunika kwa kiganja, tukakaa na picha moja robo saa nzima. Nani yumo? Nani hayumo? Leo ni siku gani kwa hawa watu? Nikawaambia kuhusu Shichi-Go-San, Novemba 15, watoto wa miaka mitatu, mitano na saba wanapovalishwa na kupelekwa kwenye hekalu kuombewa. "Kama nguo za Idi," akasema mmoja, na sikuwa na cha kuongeza. Kilichowashtua zaidi ni kwamba wanafunzi wa Japani husafisha madarasa yao wenyewe. "Wanadeki?" Wanadeki. Baraza likanyamaza kabisa. Kuvua viatu mlangoni hakukuwashangaza hata kidogo, viatu vyao vilikuwa vimetapakaa pale nje.

Kwa hiyo ninapochagua kitabu sasa naangalia kama kuna mtu anafagia, anachota maji, anamkaripia mtoto. Vile vya nchi moja ukurasa mmoja, bendera, vazi na chakula, nimevigawa. Kimoja kiliipa Ufaransa ukurasa wake, China wake, Brazili wake, halafu Afrika nzima ikabanana kwenye mmoja.

Usitarajie kushinda kila mara. Kwenye kitabu cha India waliona chapati, wakaja juu: "Kumbe Wahindi nao wanakula chapati zetu!" Nikaeleza kwamba chapati ilikuja kutoka huko pamoja na jina lake. Mmoja akakataa katakata, chapati ni ya mama yake. Nikaacha.

Huna hela ya vitabu? Ingia tovuti ya African Storybook, ya shirika la Saide la Afrika Kusini, au StoryWeaver, ya Pratham Books ya India. Zote ni bure na zina hadithi za Kiswahili. Pakua mapema ukiwa na bando. Simu moja inatosha watoto wanne, wakizidi hapo ni vita, bora uchapishe. Na usome kwanza mwenyewe, kwani tafsiri nyingine ni ngumu kutafuna.

Mwezi uliopita tulichora kitabu chetu, kimfae mtoto wa Japani aujue mtaa wetu. Bomba la maji, mama ntilie, Hiace. Mawe makubwa tunayokaa juu yake kila siku hakuna aliyeyachora. Ila yule yule wa "Hiace anatengeneza nani" alikuwa ameweka twiga pembeni ya kituo cha daladala.

"Twiga gani anapita hapa kwetu?" nikamuuliza.

"Wageni wanawapenda."

Wenzake wakamzomea. Akafikiri, akashika kifutio, akamfuta, akamchora upya, mdogo, nyuma kabisa kwenye mlima.

"Basi akae kule. Kwa mbali."