Nitamlipia, ila kwanza tutakwenda kwenye mazoezi

Mmetuuliza wiki hii: mwanao akipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, kisha akasema anataka kusomea teatri chuo kikuu, utamjibu nini? Mimi niliwahi kuwa huyo mwana. Leo ni mama wa watoto watatu hapa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, Kongo, na jibu langu ni kwamba nitamlipia.

Baba alitumika migodini maisha yake yote. Siku nilipomwambia nataka kwenda Kinshasa, Institut National des Arts, chuo cha taifa cha sanaa, hakunigombeza. Alinawa mikono na bukari, ugali wetu, bado iko kwenye sahani, akaniuliza, "Mwanangu, utakula nini?" Wajomba wakaongeza lao: kuigiza ni kipaji, hakusomewi. Mzee Mufwankolo, mwigizaji wetu maarufu, alisomea wapi?

Hilo la Mufwankolo linanigusa, kwa sababu ni kweli nusu. Yeye na kundi lake walicheza kwa Kiswahili cha hapa kwetu, redioni na kwenye televisheni, na mji mzima uliwajua. Hawakushika mswada mkononi. Walikubaliana hadithi, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabishana, kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza kuhusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima, nao wakautungia mchezo. Fabian alinasa mazoezi kwenye kanda, akayaandika. Kitabu kilitoka mwaka 1990 huko Marekani: maneno ya waigizaji kwa Kiswahili chetu, maelezo kwa Kiingereza. Kijana akiniuliza leo teatri ya Lubumbashi ilikuwa ikipikwa vipi, namtuma kwenye kitabu cha mgeni. Nashukuru kipo. Lakini ni michezo mingapi iliyochezwa kwenye mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo na Ruashi bila mtu wa kuinasa? Imezikwa na walioicheza.

Mimi mwenyewe sikuliona jambo hili mpaka mwaka wa kwanza Kinshasa. Mwalimu wa sauti alinipa ukurasa mmoja wa maneno ya mama anayemfukuza mwanawe nyumbani. Nikausoma kwa Kifaransa changu cha darasani, nimenyooka kama mtu anayesoma tangazo. Akanisimamisha. "Kwenu mnagombana kwa lugha gani? Sema kwa hiyo." Nikasema kwa Kiswahili cha Katuba. Wenzangu wengi walikuwa watu wa Kilingala, hawakuelewa hata nusu, lakini hakuna aliyetikisika kitini. Nilipoketi, mwalimu akanipa karatasi: "Sasa andika ulichosema, neno kwa neno." Nikashindwa. Dakika tano tu zilikuwa zimepita, na maneno yaliyokuwa na nguvu kuliko yote yalikuwa yamenitoka. Nililia usiku ule, kwa sababu nilikumbuka watu wote wa mtaani kwetu niliowasikia wakisema vizuri kuliko mimi.

Tangu hapo nikajua chuo kinasaidia nini. Kipaji nilikwenda nacho. Nilichofundishwa ni kupumua ili sauti ifike nyuma bila kukwaruza koo, kuichambua tamthilia kabla ya kuigusa, kuongoza wenzangu bila kuwavunja moyo, na zaidi ya yote kuandika mchezo ili mtu asiyenijua aweze kuucheza. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Tanzania, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tamthilia yake Kinjeketile ikachapishwa mwaka 1969. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, kikundi cha vijana wa Lubumbashi kinaweza kuichukua leo na kuanza mazoezi kesho.

Kuhusu kula: nimekula. Nafundisha sekondari, naandika michezo ya redio, nafunza vikundi vinavyopita mitaani kuzungumzia afya. Pesa inakuja kwa vipande, na kuna miezi ambayo haiji. Anayemwahidi mtoto zaidi ya hapo anamdanganya.

Kinachoniuma ni mji wenyewe. Jengo la 30 Juin lilijengwa miaka ya 1950 liwe jumba la teatri, na leo ndimo linamokaa bunge la jimbo. Sisi tunafanya mazoezi kwenye viwanja vya parokia na madarasa ya kuazima, na mvua ya Januari ikianza kupiga mabati hakuna sauti inayosikika, hata ya mtu aliyesomea.

Basi mzazi mwenzangu, kabla ya kujibu ndiyo au hapana, mpeleke mwanao kwenye mazoezi. Usimpeleke kwenye onyesho, kule kuna taa na makofi. Kaeni alasiri nzima mkitazama mtu akirudia kuingia mlangoni mara ishirini. Usiseme neno. Mkiwa njiani kurudi, msikilize anazungumzia nini. Binti yangu mkubwa nilimpeleka mwaka jana, ana miaka kumi na sita. Toka pale mpaka Katuba alikuwa akinieleza kwa nini ile mara ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa sawa.