Siagi ya karanga: maduka yalichukua katoni ya kwanza, mbona ya pili hawaitaki?

Mkuu mleta uzi, umesema maduka manne ya Dodoma yalipokea siagi yako, kisha yakakurudishia chupa zenye mafuta yaliyoelea juu, nyingine zikiwa na ukungu chini ya mfuniko, na sasa unauliza utangaze wapi. Weka matangazo kando kwanza. Tatizo lako liko jikoni, na linatibika.

Tuanze na ukungu, maana huo ndio uliokufukuzisha rafuni. Siagi ya karanga yenyewe ni kavu sana, ukungu hauoti mpaka maji yaingie. Na huwa yanaingia hivi: chupa imeoshwa ikajazwa kabla haijakauka, au karanga zimetoka kwenye kikaango zikafunikwa zingali moto zikatoa jasho, au (hii ndiyo inayowapata wengi) siagi imejazwa na kufungwa ikiwa bado ya moto. Msuguano wa mashine unaipasha joto kali. Ukifunga hapohapo, mvuke unagota kwenye mfuniko, unageuka matone, matone yanarudi juu ya siagi. Jipime mwenyewe: saa moja baada ya kufunga, fungua chupa moja upitishe kidole upande wa ndani wa mfuniko. Kidole kikilowa, bechi nzima ina shida. Iache siagi ipoe kwenye sufuria kubwa yenye mdomo mpana, ukifunika kwa kitambaa safi kikavu, ndipo ujaze. Chupa zikaushwe juu chini usiku kucha, na mifuniko nayo pia, watu huisahau.

Mafuta kuelea si ubovu. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na yatapanda tu usipoweka kitu cha kuyashika. Unachoweza kuacha leo ni kuongeza mafuta ya kula ili mashine isikwame. Saga mara mbili badala yake, ya pili ukiwa umebana mawe zaidi. Viwanda vikubwa huyeyusha mafuta magumu, asilimia 1 hadi 2, ndani ya siagi ya moto, kisha huacha chupa zitulie bila kutikiswa mpaka siagi ishike. Kwa ukubwa wako ningebaki na karanga na chumvi (gramu 10 kwa kilo zinatosha), niandike mbele ya lebo kwa herufi zinazosomeka: KOROGA KABLA YA KUTUMIA. Halafu mweleze muuza duka mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayeulizwa.

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na nafaka. Hapa naomba uwe mkali kuliko mkaguzi yeyote. Moto wa kikaango hauiondoi. Kinachosaidia ni kununua karanga kavu na kuchambua kwa mkono mara mbili, kabla ya kukaanga na tena baada ya kutoa maganda: toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu. Epuka karanga zilizolowekwa ili kurahisisha kubangua. Hizo ndizo zinazoota ukungu ndani ya gunia. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya sehemu 10 kwa bilioni, na aina yake iitwayo B1 isizidi 5. Makapi (hizo ulizozitoa) usimpe kuku wala usimuuzie mtu, yachome. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, kwenye mahindi, kwa hiyo hapo ulipo hili ni jambo la uhai wa watu.

Karatasi kwa ufupi: nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa upate barua ya utambulisho, nayo itakusaidia kupata unafuu wa ada TBS (Shirika la Viwango). Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihama TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS, kwa hiyo mlango ni mmoja. Barkodi chukua GS1 Tanzania, inaanza na 620. Uzito upime kwa mizani baada ya kutoa uzito wa chupa. Ujazo wa chupa hauwezi kukuambia gramu, na Wakala wa Vipimo anaangalia gramu.

Sasa bei, ambako wengi wanafia kimyakimya. Kilo 10 za karanga zilizobanguliwa hazitoi kilo 10 za siagi. Toa makapi, maji yanayopotea kwenye kukaanga, maganda na kinachobaki mashineni. Ukipata kilo 8.4 umefanya vizuri. Hizo ni chupa 21 za gramu 400. Kwa mfano (weka bei zako), karanga kilo shilingi 4,000, kila chupa inabeba karanga za 1,900. Ongeza chupa na lebo 600, moto, umeme na kibarua 700: gharama 3,200. Ukitaka kupokea 4,000 na duka linachukua asilimia 25 ya bei ya rafuni, usijumlishe 25 kwenye 4,000 ukapata 5,000, maana hapo utapokea 3,750. Gawa 4,000 kwa 0.75. Bei ya rafuni ni 5,333.

Na mali kauli, yaani kupeleka mzigo ulipwe baadaye. Maduka manne, chupa 24 kila moja, unajaza kila baada ya wiki mbili, malipo baada ya siku 60: utakuwa umepeleka mara tano, chupa 480, kabla hujashika senti. Kwa gharama ya 3,200 hizo ni shilingi 1,536,000 zilizolala rafuni kwa watu. Kama huna, anza na maduka mawili, chupa 12 kila moja, uombe malipo ya mzigo uliopita unapoleta mpya. Maduka madogo ya mtaani hukubali hilo kirahisi kuliko supamaketi.

Kila bechi iwe na namba, na chupa moja ibaki kwako hadi tarehe ya mwisho wa matumizi ipite. Duka likilalamika, fungua yako mlinganishe: ikiwa nzima, uliza walikoiweka, hasa kama rafu inapigwa na jua la mchana.

Tuambie mashine yako ni ya mawe au ya chuma, na siagi huwa inapoa muda gani kabla ya kujaza.