Kuhamisha mafaili kati ya CMS na Linux ndani ya z/VM: anza na kadi

Mkuu, umesema Linux yako ni mgeni (mashine pepe) chini ya z/VM, mfumo wa IBM wa kuendesha mashine pepe kwenye mainframe, mtandao wake haujakaa sawa, na unataka kuvuta mafaili ya usanidi yaliyo kwenye diski ya CMS (mfumo mdogo wa kufanyia kazi ndani ya z/VM) kisha urudishe ripoti huko huko. Wengi watakwambia utengeneze mtandao kwanza utumie FTP. Mimi nakwambia anza na kadi.

Ndiyo, kadi zile za kutoboa, za safu 80. Tangu enzi za VM/370 mwaka 1972, CP, yaani programu inayosimamia mashine pepe zote, humpa mgeni kisomaji kadi pepe, kwa kawaida kwenye anwani 00C, na kitoboa kadi kwenye 00D. Anachotoboa huyu hupita kwenye spuli ya CP, yaani foleni ya mafaili yanayosubiri kusomwa, na kutokea kwenye kisomaji cha yule. Hakuna anwani ya IP wala ukuta wa moto hapo katikati. Hata Linux yenyewe mara nyingi husimikwa hivyo: kerneli, faili la vigezo na initrd (mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia) hutobolewa kwenda kisomaji, halafu IPL 00C CLEAR, yaani mashine inawashwa kutoka kisomaji hicho. Kama yako ilisimikwa namna hiyo, njia unayo tayari.

Upande wa CMS:

SPOOL PUNCH TO LINUX01
PUNCH HOSTS TEXT A (NOHEADER

Mabano hayo hayafungwi, ndivyo CMS ilivyo. Ukisahau NOHEADER, kadi ya kwanza itakuwa kichwa kinachoanza na :READ, nacho kitaingia ndani ya faili lako. Na usitumie SENDFILE kwa kazi hii, ingawa ni tamu. SENDFILE hufunga faili kwa muundo wa NETDATA, ambao RECEIVE ya CMS huufungua yenyewe, lakini Linux itakupa kadi zilivyo na utaona takataka tupu.

Upande wa Linux unahitaji kifurushi cha s390-tools:

modprobe vmur
chccwdev -e 00c,00d
vmur list
vmur receive -t 12 hosts.txt

Hiyo 12 ni namba ya spuli utakayoiona kwenye orodha. Kama list inalionyesha faili lakini receive inaligomea, angalia daraja (class) la spuli, ile alama inayopanga mafaili na kisomaji, kabla ya kulaumu kitu kingine: vmcp spool reader class '*' humaliza ugomvi mwingi. Kurudi CMS ni vmur punch -t -r -u na jina la mpokeaji, kisha faili.

Sasa penye kazi. CMS haihifadhi faili kama mtiririko wa baiti wenye alama za mwisho wa mstari, huhifadhi rekodi. Kadi ni rekodi ya baiti 80, si zaidi. Mstari wa ripoti ukizidi hapo, vmur yenye -t itaukataa, na PUNCH ya CMS nayo hairuhusu rekodi ndefu kuliko kadi. Faili la binari lipeleke bila -t, ila ujue kadi ya mwisho lazima ijae, kwa hiyo ukubwa hupanda hadi kizidisho cha 80 na md5sum hazitalingana. Mimi huandika ukubwa halisi pembeni, nikifika upande wa pili natumia truncate -s.

Mafaili yakiwa mengi, kadi zinachosha. Hapo unganisha diski yenyewe: vmcp link MAINT 191 291 RR ikiwa una ruhusa, chccwdev -e 291, lsdasd kuona jina la kifaa, kisha cmsfs-fuse -a na uisome kama saraka ya kawaida. RR ni kusoma tu. MW, inayoruhusu waandishi wengi kwa pamoja, usiiguse: waandishi wawili kwenye diski moja ya CMS wataiharibu, na CP haitawazuia. Pia, mwenye diski akiongeza faili jipya baada ya wewe kuipachika, usitegemee kuliona. Ibandue, uizime na kuiwasha tena kwa chccwdev, ndipo uipachike upya. CMS nayo iko hivyo, hutaka ACCESS ya pili.

Kwa mafaili makubwa sana, sawa, rudi kwenye VSWITCH (swichi pepe ya mtandao ya z/VM) na FTP. Ukivuta binari kwa FTP ya CMS, toa binary na locsite fix 80 kabla ya get pale ambapo rekodi za 80 zinahitajika, mfano kerneli ya kutoboa.

La mwisho ni herufi. CMS hutumia EBCDIC, usimbaji wa herufi wa IBM, ambamo A ni C1, si 41 ya ASCII. vmur -t hutafsiri kwa jedwali la IBM037 pekee. Faili lililoandikwa kwa jedwali jingine la EBCDIC, 1047, litafika zima kasoro alama chache, hasa mabano ya mraba: la kufungua litageuka Ý na la kufunga litageuka ¨, na ^ itageuka ¬. Ukiona hivyo, pokea bila -t, halafu:

iconv -f IBM1047 -t ISO-8859-1 kadi.bin | dd cbs=80 conv=unblock > hosts.txt