Maswali ya Wasomaji: Baraza la Mtaa na Maneno ya Rangi

SWALI: Bwana Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Mwezi uliopita binti yangu wa darasa la tano alirudi kutoka shuleni akaniomba nimnyoe kipara, kwa sababu wenzake wanazicheka nywele zake za kipilipili na mmoja wao amemwita kijakazi. Nilipomwendea mzazi wa mtoto huyo, niliambiwa ni utani wa watoto. Sasa wazee wa mtaa wameitisha baraza kuhusu ubaguzi wa rangi, nami nimeombwa nisaidie kulipanga. Naogopa watu watasikiliza hotuba, watapiga makofi, kisha watatawanyika. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Kilichonigusa zaidi katika barua yako ni ombi la kunyolewa, kwa maana mtoto anayezikataa nywele alizozaliwa nazo ameumizwa, hakutaniwa. Neno kijakazi nalo lina historia hapo hapo unapoishi. Frere Town ilianzishwa Kisauni katika miaka ya 1870 iwe makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na jina la mtaa wa Kengeleni linatokana na kengele yao, ilhali utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Wajukuu na vitukuu vya watu hao ni majirani zako.

Kwa hiyo ningelianza baraza kwa maneno, kabla mgeni yeyote wa heshima hajashika kipaza sauti. Waombeni watu wazima wayataje waliyoyasikia majumbani mwao walipokuwa wadogo: nywele za singa zikiitwa nzuri na za kipilipili zikiitwa mbaya, mchumba akisifiwa weupe kabla ya tabia, Mhindi ambaye babu yake alizaliwa Mombasa akiulizwa atarudi kwao lini. Wazee wa Kimijikenda, yaani wa yale makabila tisa ya pwani yetu, waeleze jinsi walivyobandikwa jina la Wanyika, yaani watu wa nyika, na jinsi jina hilo lilivyoachwa kuanzia miaka ya 1940 likashikwa lile la Mijikenda walilojichagulia wenyewe. Mfano huu naupenda sana, kwa kuwa unaonyesha kwamba neno lililozoeleka kwa vizazi linaweza kuondoka vinywani mwa watu.

Vijana nao waelezwe kwamba mengi tunayoyadhania kuwa mila yaliwahi kuandikwa kwenye daftari za serikali. Wakoloni walitenga shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na kwa kuwa daraja aliloandikiwa mtu ndilo lililoamua kodi na haki zake, familia nyingi za Waswahili zilihangaika miaka mingi kuwathibitishia maafisa kwamba asili yao ni ya ng'ambo. Aliyelelewa katika hangaiko hilo aliwarithisha wanawe aibu ya weusi wao, pengine bila kukusudia.

Sheria itajeni kwa ufupi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaikataza serikali, na vilevile mtu binafsi, kumbagua mwingine kwa rangi, kabila au asili yake.

Wekeni sharti moja tangu mwanzo: anayesimulia alivyobaguliwa asikatizwe, na asiwepo wa kumwambia kwamba ulikuwa utani. Binti yako asisimamishwe kutoa ushuhuda, hata kama wazee wataomba kwa nia njema. Walimu wa shule na wa madrasa waalikwe mapema, na kabla watu hawajaondoka kila mmoja wao aseme mbele ya wazazi atafanya nini siku mwanafunzi atakapomwita mwenzake jina kama hilo. Kisha itajwe tarehe ya kukutana tena, ili waulizwe walichokifanya.

Kwa yule mzazi, rudi kabla ya siku ya baraza, ukiandamana na bibi mmoja anayeheshimika mtaani, ukamweleze kwa upole kile mtoto wako alichoomba afanyiwe. Huenda hakukisikia mara ya kwanza. Na jioni ya leo usimnyoe binti yako. Mkalishe mbele yako, umpake mafuta, umsuke matuta taratibu, na umsimulie nani alikuwa akikusuka wewe.