Nani atajua kwamba sijarudi?

Swali lenu la juma hili lilikuwa: "Ukisafiri peke yako kwa meli ya kitalii, unachaguaje matembezi ya nchi kavu?" Nimesafiri hivyo mara tano, na jibu langu limebadilika sana tangu safari ya kwanza. Wakati ule nilifungua kijitabu cha matembezi, nikatafuta picha nzuri kuliko zote, nikalipa. Siku hizi picha zinasubiri. Kwa kila bandari najiuliza kwanza: nikipatwa na jambo huko, nani atajua kwamba sijarudi?

Wanaosafiri wawili hawana haja ya swali hilo. Mmoja akikawia sokoni, mwenzake yuko nje ya duka anaangalia saa. Sisi tulio peke yetu tuna meli tu, na meli inajua nusu ya habari. Unaposhuka, kadi ya chumba chako inasomwa na mashine pale kwenye ngazi. Ukirudi inasomwa tena. Kwa hiyo zikibaki dakika chache meli iondoke, maofisa wana majina ya wasiorudi. Orodha hiyo inasema haupo. Haisemi uko kituo gani, wala mguu wako umefanya nini.

Hilo nilijifunza Civitavecchia, Italia. Kwenye ratiba ya meli bandari hiyo iliandikwa "Roma", lakini Roma yenyewe iko kilometa zipatazo 80 kutoka hapo. Nilikwenda kwa treni, mwendo wa kama saa moja, nikazunguka tangu Koloseo hadi chemchemi ya Trevi kwa furaha ambayo naikumbuka hadi leo. Alasiri, treni ya kurudi ikasimama katikati ya njia. Tangazo likatolewa kwa Kiitalia, abiria wakaguna, nami sikuambulia hata neno. Tulikaa pale dakika 40. Hofu ya kuachwa na meli ilikuwepo, lakini kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua nimo ndani ya treni ile. Sikuwa nimemwambia yeyote. Treni ilipofika nilitoka mbio, kumbe mbio hazisaidii sana, maana bandari ile ni kubwa na kutoka langoni inabidi upande basi hadi ilipo meli. Niliingia zikiwa zimebaki dakika 12. Nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka tukawa baharini.

Tangu siku hiyo napanga bandari kwa umbali kabla ya uzuri. Majina kwenye ratiba yanadanganya. Le Havre huandikwa "Paris", na kutoka gatini hadi Paris ni kilometa kama 200. Warnemünde, Ujerumani, huandikwa "Berlin", na kwa treni ni karibu saa tatu, kwenda tu. Livorno ni mlango wa Florence, ambayo iko kilometa kama 90 bara. Kwa bandari za namna hiyo nalipia matembezi yanayouzwa na meli. Najua bei yake mara nyingi inazidi ya kwenda kivyako, na wapo wasafiri wazoefu watakaosema ni kutupa fedha. Ninachonunua mimi ni kuhesabiwa. Kuna mtu mwenye kibao cha namba na karatasi ya majina, ambaye kila basi linapotaka kuondoka anapita kati ya viti akihesabu vichwa, na mimi nikikosekana hesabu yake haitimii. Na basi hilo likikwama barabarani, meli huwangoja abiria wake, au kampuni hubeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Aliyekwenda kivyake anaweza kufika gatini akakuta maji matupu, na kuanzia hapo nauli, malazi na viza ni juu yake. Maofisa wa meli kwa kawaida hujaribu kuacha pasipoti yake kwa wakala wa meli pale bandarini, ndiyo maana nanakili jina na simu ya wakala kutoka kwenye ratiba ya siku kabla sijashuka. Nakala ya pasipoti natembea nayo mwilini.

Ila kuhesabiwa nako kuna mwisho wake, na ni lazima uulize unaishia wapi. Santorini, Ugiriki, meli hazifungi gati. Hutia nanga ndani ya shimo kubwa la volkeno lililojaa bahari, na abiria hushushwa kwa mashua. Matembezi niliyolipia yalianza vizuri sana. Wenye tiketi za meli tulitangulia kushuka, basi likatupeleka kijiji cha Oia, kisha mji wa Fira. Fira kiongozi akatuaga. Kila mtu alitakiwa ateremke mwenyewe hadi bandari ya zamani iliyo chini ya mwamba, kwa gari la waya, kwa punda, au kwa miguu kupitia ngazi karibu 600. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kijitabu, mstari wa mwisho. Siku hiyo zilikuwepo meli nne, na foleni ya gari la waya ilipinda kona mbili. Niliteremka kwa miguu juu ya mawe yaliyolainika kwa miaka mingi ya kwato. Vijana walinipita wakiimba. Mimi nilikuwa nahesabu dakika na kutazama mashua zetu kule chini, ndogo kama mbegu.

Basi kwenye dawati la matembezi sasa nina maswali yangu. Kiongozi anarudi nasi mpaka kwenye meli? Mnahitaji watu wangapi ili matembezi yasifutwe? Kuna muda wa kila mtu kwenda anakotaka, na ni wa saa ngapi? Meli isipotia nanga kwa sababu ya upepo, fedha zangu zinarudi? Hilo la mwisho kwa matembezi ya meli jibu lake huwa ndiyo. Ukiwa umelipa kwa mwenyeji wa bandarini asiye wa meli, soma masharti yake kabla, na usione haya kumwandikia na kumuuliza.

Kuhusu saa, niruhusuni nikae hapo kidogo, kwa sababu asiye na mwenzake hana wa kumkosoa. Saa ya kurudi iliyoandikwa kwenye ratiba ni saa ya meli, na saa ya meli si lazima iwe saa ya mji. Chukueni kisiwa cha Cozumel, Mexico. Tangu 2015 jimbo lake halisogezi saa kwa majira. Florida, Marekani, ambako meli nyingi za upande ule huanzia, husogeza saa mbele kila Machi na kuirudisha Novemba. Kati ya miezi hiyo, meli inayoendelea kufuata saa za Florida itakuwa mbele ya kisiwa kwa saa nzima. Simu yako, ambayo hujirekebisha yenyewe, itakuonyesha saa tisa na nusu wakati melini ni saa kumi na nusu na ngazi inakaribia kupandishwa. Mimi huvaa saa ya mkononi ya kawaida, naiweka sawa na saa ya mapokezi ya meli asubuhi ninaposhuka, na sitazami simu kwa habari ya wakati mpaka nirudi.

Fedha nazo zina mpango wake ambao wageni wengi hawaujui. Chumba hupangiwa bei kwa watu wawili, hivyo anayelala peke yake huongezewa, na wakati mwingine hulipa sawasawa na wawili. Inauma, na miaka ya karibuni baadhi ya meli zimeanza kuweka vyumba vidogo vya mtu mmoja; Norwegian Epic ilizinduliwa 2010 ikiwa na vyumba 128 vya aina hiyo. Lakini matembezi ya meli bei yake ni ya kichwa kimoja. Hulipii kiti kitupu kilicho kando yako. Wanaotuumiza ni teksi na viongozi binafsi, kwa kuwa wao hutoza gari zima. Ukiipiga hesabu hivyo, matembezi ya meli yanayoonekana ghali kwa familia ya watu wanne yanaweza kuwa ndiyo nafuu kwako.

Baada ya umbali ndipo naangalia aina. Hapa nasema ninavyoamini. Matembezi ya kukaa ndani ya basi siku nzima ukitazama mji kupitia kioo ndiyo yanayomfanya mtu wa peke yake ajione mpweke kuliko pengine popote. Watu wanapanda wawili wawili, wanashuka wawili wawili, na chakula cha mchana kinakukuta unatafuta kiti. Chagua matembezi ambayo mikono ina kazi. Darasa la mapishi, kutembea mitaani mkionja vyakula, kupanda mlima mkiwa kumi na kiongozi. Mtu akikuomba umpitishie kisu, mazungumzo yameanza bila ninyi kutafuta maneno. Kayaki, ile mitumbwi midogo ya makasia, nazipenda pia, lakini nyingi ni za watu wawili, kwa hiyo uliza mapema kama watakupangia mwenzako au utakaa na kiongozi. Na kwa kila jambo la majini, hata kuogelea kwa miwani kuangalia samaki, mwambie kiongozi waziwazi kabla hujalowa: "Niko peke yangu, naomba ujue nilipo." Sijawahi kukutana na kiongozi aliyelichukua vibaya. Wengi hukushukuru, maana wao pia wanaogopa kichwa kinachopungua.

Zile bandari za karibu, hizo ni zawadi ya msafiri wa peke yake, na huko silipii matembezi ya meli. Valletta, Malta, meli hulala chini ya kuta za mji. Unatembea dakika chache hadi kwenye lifti iliyojengwa 2012, inakupandisha mita 58 hadi bustani ya Barrakka ya Juu, na kutoka hapo unaiona meli yako siku nzima. Piraeus, Ugiriki, kuna treni ya mjini inayokufikisha katikati ya Athens. Flåm, Norwei, kituo cha treni kiko karibu kabisa na gati. Reli yake ni kilometa 20 tu lakini inapanda hadi Myrdal, zaidi ya mita 860 juu ya bahari, na tiketi ni vizuri kuikata mapema. Hakuna kundi la kulisubiri sehemu hizo. Ukitaka kukaa saa nzima mbele ya mlango mmoja wa kale, unakaa.

Lakini hata huko naacha habari. Juu ya meza ya chumba naweka karatasi: nimekwenda wapi, kwa usafiri gani, nitarudi saa ngapi. Nikikosekana, watu wa meli wataingia humo kutafuta pasipoti, na wataikuta karatasi hiyo. Pia namwambia mtu mmoja wa meza yangu ya chakula. Kotor, Montenegro, nilipanda ukuta wa ngome alfajiri, ngazi 1,350, kabla ya jua kali. Nilipokuwa nateremka kifundo cha mguu kikageuka, na simu haikuwa na mtandao. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama ghuba, nikiwa na maumivu lakini bila hofu, kwa sababu mzee mmoja wa meza yetu tulikuwa tumeagana naye kwamba saa tano na nusu tunakunywa kahawa kwenye lango la mji. Saa sita kasorobo nilimwona anapanda, fimbo mkononi, akiniita kwa jina.

Ndiyo sababu siku ya kwanza baharini, kabla ya bandari yoyote, nakwenda kwenye mkutano wa wanaosafiri peke yao. Meli nyingi huuweka kwenye ratiba, mara nyingi jioni. Naenda na karatasi yenye majina ya bandari zote na kuuliza nani ana mpango gani. Katika safari yangu ya mwisho tulikutana wanne tuliotaka kuona magofu ya mji wa kale wa Efeso, Uturuki. Kutoka bandari ya Kuşadası ni kilometa kama 20, umbali ambao peke yangu ningeusitia: karibu kwa gari, mbali kwa miguu, na teksi bei yake ni ya gari zima. Tuligawana teksi moja kwa nne. Tulikubaliana saa ya kuondoka kwa saa ya meli, na mahali pa kukutana mtu akipotea, mbele ya maktaba ya Celsus. Yule mwalimu mstaafu aliyekuwa nasi hakuweza kuacha desturi yake. Kila tulipoondoka mahali alinyoosha kidole na kutuhesabu kwa sauti, akianza na yeye mwenyewe. Kufikia mchana sote tulikuwa tunahesabu pamoja naye. Alasiri tulipofika kwenye ngazi ya meli alisimama kando, akatuacha tupite mmoja mmoja mbele ya mashine ya kadi, halafu akaingia yeye, akasema, "Nne."